Kibindo wa Saba

Mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Binti Fundi ana mvi, ana miwani ya kusomea inayoning'inia kifuani, na ana mtoto wa kiume aliyempita urefu zamani, lakini ubinti haujamwacha. Aliingia karakana ya baba yake akiwa msichana wa kuokota pini sakafuni. Leo yeye ndiye mwenye funguo, mwenye wateja na mwenye kauli ya mwisho juu ya kitambaa gani kinafaa kochi gani, na bado watu wakipita dirishani wanauliza, "Binti Fundi, Mzee yupo?" Mzee yupo. Anakaa kwenye kigoda kando ya mlango, amestaafu kwa mdomo tu, na kazi yake kubwa siku hizi ni kukosoa mishono.

Karakana ni chumba kirefu chenye dirisha pana linalotazama barabara. Ukiingia unapokewa na harufu ya gundi na sponji mpya. Upande mmoja yako makochi yaliyovuliwa nguo, yamebaki mbao na springi, yanasubiri zamu. Upande wa pili ipo meza ya kukatia vitambaa na cherehani nzito isiyohamishika, na ukutani zimetundikwa nyundo, koleo na bisibisi kwa mpangilio ambao ole wake atakayeuvuruga. Binti Fundi anaipenda kazi hii kuliko anavyoweza kueleza. Anasema ukitaka kuijua familia usiulize majirani, fungua kochi lao. Amewahi kukuta vitana, sarafu, meno ya bandia, na pete ya ndoa ambayo mume alikuwa ameshutumiwa kuiuza, na vyote huvirudisha kwa wenyewe. Siku alipoirudisha ile pete, mume na mke walikumbatiana palepale kati ya springi, na fundi akalia kuliko wao.

Kazi yao ina desturi moja ambayo wateja hawaijui. Kabla ya kufunika kochi kwa kitambaa kipya, fundi huandika kwenye ubao wa nyuma, kwa penseli nene ya seremala, na pembeni ya maandishi huchora msumari uliosimama kwa kichwa. Haandiki jina lake la kwanza. Anaandika jina la ukoo tu: Kibindo. Kisha kitambaa kinafunika, na jina linakaa gizani mpaka fundi mwingine, miaka mingi baadaye, alifungue kochi. Mzee alimfundisha binti yake hivyo alipoanza kushika nyundo, na akamwonya kwamba ule msumari haufundishwi mtu wa nje. Msumari ni wa akina Kibindo peke yao.

Ila kinyozi hajinyoi. Kochi bovu kuliko yote mtaani lilikuwa sebuleni kwa Mzee mwenyewe. Alilirithi kwa babu yake, limezama katikati, limepasuka mikononi, na anayelikalia bila kujua huinuka akishika kiuno. Binti Fundi alikuwa ameomba mara nyingi alifungue alitengeneze. Mzee alikataa kila mara. Siku moja binti alipolijia na bisibisi bila kuomba ruhusa, Mzee alilikalia kutwa nzima, akanywa chai hapohapo, akala hapohapo, mpaka binti akakata tamaa. Wote waliona ni ukaidi wa uzee, na mkewe alisema huwezi kumnyang'anya mtu kidonda anachokipenda.

Jina lenyewe lilikuwa la kuchekesha, na Binti Fundi alilijua hilo tangu shule, maana watoto wenzake walizoea kumuuliza kibindoni mna nini leo. Aliporudi nyumbani akinuna, Mzee alimweka magotini na kumpa asili ya jina. Babu wa babu, alisema, alikuwa mtunza hazina wa mfalme, na adui walipovamia aliifutika hazina yote kibindoni akavuka nayo mto. Safari nyingine haikuwa hazina, ilikuwa muhuri wa mfalme. Mwaka aliougua mgongo ilikuwa taji zima, na hakuna aliyethubutu kumuuliza taji linaingiaje kwenye pindo la nguo kiunoni. Mwisho wa hadithi haukubadilika: kutokana na shujaa huyo, ukoo ulienea nchi nzima, na akina Kibindo ni wengi kama mchanga, basi tu hawapendi kujionyesha.

Aliyekuja kuutikisa mchanga huo ni mdogo wake Binti Fundi, mwanamke mpole anayefanya kazi ofisi ya takwimu. Jumapili moja, familia ikiwa mezani, alieleza kwamba ofisini kwao wamemaliza kuhesabu majina ya ukoo ya watu wazima wote wenye vitambulisho. Liko jina moja, alisema, ambalo wenye nalo wakikusanywa wanajaza jiji. Ukishuka chini, watu wanapungua na majina yanaongezeka, mpaka unafika mkiani kwenye majina adimu, ambayo ni mengi ajabu, na kila moja lina watu wa kujaza basi tu. Alisema majina hayo mara nyingi yana asili moja: mtu mmoja alihamia akitoka mbali, au alipewa jina la utani likamganda, akazaa, watoto wakawa wachache au wakawa wa kike, na jina likabaki likichechemea. Mzee, ambaye alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma akiwafikiria watu wa mkiani, akauliza kwa kujiamini Kibindo wako wangapi.

"Saba," binti akasema.

"Saba elfu?"

"Saba, Baba. Kama siku za wiki."

Mzee akaweka kijiko chini. Mtu asingecheka, lakini kaka yao, kapera anayeendesha lori na hajali kitu, alicheka mpaka akapaliwa, kisha akaanza kuwahesabu kwa vidole. Mzee, mmoja. Mama, ambaye aliandikisha jina la mumewe tangu walipooana, wawili. Binti Fundi na mdogo wake, ambao waliolewa bila kubadili majina, wanne. Yeye mwenyewe, watano. Shangazi yao, dada wa Mzee, sita. Watoto wa Binti Fundi wana jina la baba yao, na wa mdogo wake vilevile, kwa hiyo hawamo. Kidole cha saba kilibaki hewani. Akahesabu upya akianzia kwa Shangazi, na kidole kilekile kikabaki hewani.

"Wa saba ni nani?" Mama akauliza.

Aliuliza taratibu, huku akifuta meza iliyokuwa safi, na hakumtazama mtu yeyote isipokuwa mumewe. Binti wa takwimu akajitetea kwamba sheria hairuhusu kufungua taarifa za mtu mmojammoja, idadi ndiyo inayotangazwa, na mwenye kuvunja sheria hiyo hufungwa. Mzee alisema ofisi imekosea. Kisha akasema huyo ni mwizi wa jina, na akimpata atamvua jina hilo mbele ya hakimu. Kisha akanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikomponza.

Mama hakuwa mtu wa kelele. Angepiga kelele, ingekwisha siku hiyohiyo. Jioni ile alipoandaa chai aliweka mezani kikombe cha ziada, akakigeuza juu ya kisahani chake, mbele ya kiti kitupu. Mzee akauliza ni cha nani. "Cha mgeni wetu," Mama akajibu, "akija asikute hatujamwandalia." Kesho yake kikombe kilikuwepo tena. Keshokutwa chai ya Mzee haikuwa na sukari, na alipoonja akajua, na akainywa bila neno. Ikaendelea hivyo. Mama alianza kumwita "bwana mkubwa" kwa adabu ya kuogofya, na kila redio ilipotaja sensa, hata ya ng'ombe, aliongeza sauti.

Tuseme ukweli, mambo haya yalimchekesha kila mtu isipokuwa Binti Fundi. Yeye alikuwa na kumbukumbu. Alipokuwa mdogo, wa miaka mitano hivi, baba yake alikwenda mji wa mbali kushona viti vya jumba jipya la sinema, na akakaa huko muda mrefu kiasi kwamba aliporudi yeye alimkimbia akidhani ni mgeni. Mama naye alikuwa na kumbukumbu hiyo, ilionekana wazi, maana jioni moja aliuliza kwa upole kama zile sinema siku hizi bado zipo. Binti Fundi alikulia katika nyumba ambayo wazazi walicheka pamoja kila siku ya Mungu. Ndoa yake mwenyewe, kila ilipoyumba, aliishikiza kwa kuwakumbuka wao. Kama baba yake alikuwa na mtoto nje miaka yote hiyo, basi kitu alichokiegemea maisha yake yote kilikuwa kimeoza ndani kikapambwa nje, na kazi ya namna hiyo yeye anaijua kuliko mtu yeyote.

Akasema moyoni lazima amjue wa saba. Akaogopa pia kumjua.

Hakuenda kumtafuta. Wa saba alimjia mwenyewe, juu ya mkokoteni. Muuguzi mstaafu aliyekuwa amehamia mtaa wa pili kutoka mji wa mbali alileta kochi lake, akitaka kitambaa cha rangi ya kijani kwa sababu ile ya kahawia alikuwa ameichoka. Lilikuwa kochi zuri. Binti Fundi aling'oa pini moja baada ya nyingine, akalisifu kimoyomoyo: mishono imenyooka, springi zimefungwa kwa fundo la mara mbili kama anavyofunga yeye. Akavua kitambaa cha nyuma, akavaa miwani.

Kibindo. Na pembeni, msumari umesimama kwa kichwa.

Mwandiko haukuwa wa baba yake, ambaye herufi zake zinalala kama zimechoka. Haukuwa wake yeye. Kaka yake hajawahi kushika nyundo, na mdogo wake anaogopa pini. Binti Fundi akakaa sakafuni. Msumari ule haufundishwi mtu wa nje, na aliyeufundisha ni mmoja tu, na huyo alikuwa amekaa pale mlangoni akimuuliza mbona amekaa chini, au na yeye ameanza kustaafu. Akajibu kwamba anatafuta pini. Akakigeuza kitambaa juu ya ubao haraka, akahisi anamficha baba yake kwa mikono yake mwenyewe.

Muuguzi, alipoulizwa, hakuwa na siri. Alisema fundi wake ni bwana mmoja mnene mcheshi, karakana yake iko nyuma ya soko la mji ule, hapotei mtu. Basi Binti Fundi akadanganya nyumbani kwamba anakwenda kununua vitambaa, akafunga safari, na njia nzima akawa anaupanga uso wake. Alipanga atamwangalia masikio kwanza. Masikio ya akina Kibindo yamechomoza kila mmoja kwa upande wake kama mlango ulioachwa wazi, na hakuna damu ya Mzee iliyowahi kuyakwepa.

Karakana ile aliijua kabla ya kuingia. Kuanzia mlangoni, nyundo, koleo na bisibisi vilitundikwa kwa mpangilio uleule. Katikati alisimama mtu mpana, mrefu, amebana pini midomoni, anavuta kitambaa kwa goti kama Mzee anavyovuta. Masikio yake yalikuwa madogo, yamelala kichwani vizuri, masikio ya watu wengine kabisa. Binti Fundi alipumua. Lakini masikio si hati ya kiapo, kwa hiyo akamsalimia, na akajitaja kwa jina la ukoo.

Yule bwana akatoa pini mdomoni, moja moja, akaziweka mezani. Akamwangalia sana. Kisha akavuta kigoda akakaa.

"Wewe ndiye uliyekuwa unaokota pini," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, "Umekuja kulichukua?"

"Kuchukua nini, kaka?"

"Jina."

Hadithi yake ilitoka bila kusukumwa, maana alikuwa ameibeba muda mrefu. Alifika karakanani kwa Mzee akiwa mvulana, mama amefariki, baba hajulikani, amekonda mpaka mafundi wakampachika jina la Sindano. Mzee alimpa kazi ya kufagia, kisha nyundo, kisha penseli. Mke wa Mzee alimlisha pamoja na watoto wake. Mtaani hakuna aliyejua kwao, kwa hiyo waliokuwa hawamwiti Sindano walimwita kijana wa Kibindo. Alipokwenda na Mzee kushona viti vya sinema, kazi ilipoisha mwenye jumba alimwomba abaki kama fundi wa matengenezo, na Mzee akamruhusu, na siku ya kuagana akamwonyesha msumari. Mwaka uliofuata akaenda kuchukua kitambulisho. Karani akauliza jina la ukoo. Sindano alisimama mbele ya lile dirisha akatafuta kichwani mwake, na jina lililokuwepo lilikuwa moja tu.

Akalisema, likaandikwa, na tangu siku hiyo akaona haya kurudi. Mtu amekulisha, amekufundisha kazi, halafu unamchukulia na jina bila kumwomba. Kila mwaka aliahidi kwenda kuungama, na kila mwaka aliona amechelewa zaidi kuliko mwaka uliotangulia. Alioa ukubwani, mkewe amebaki na jina la kwao, lakini watoto wao wanne wote wanaitwa Kibindo, na mkubwa mwakani atafikia umri wa kitambulisho. Hapo ndipo alipokuwa amekosa usingizi, alisema. Kuiba peke yake alikuwa amezoea, lakini kumpeleka mtoto dirishani akaandikishe kitu cha wizi, hilo lilimshinda.

Binti Fundi alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, hata yeye hakuweza kuzitenganisha. Alikuwa amekuja kumtafuta mtoto wa nje, akamkuta mtoto wa ndani. Akamwambia aje Jumapili, na aje na wote. Lakini njiani kurudi furaha yake iliingiwa na mchanga, kwani alikumbuka maneno ya Mzee kuhusu hakimu. Mzee ni mtu wa neno lake, na majivuno yake yote yamejengwa juu ya jina lile. Alikuwa amemsalimisha baba yake, na pengine amempeleka mtu mwema hukumuni.

Alimwambia Mama kwanza, jikoni, mlango umefungwa. Mama alisikiliza amesimama. Lilipotajwa jina la Sindano, akakaa.

"Sindano wangu?" akasema. "Aliyekuwa anaficha mkate mfukoni?"

Akafuta macho kwa upindo wa kanga, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. Mwishowe akamwonya binti yake asimwambie Mzee bado. Kwa kuwa alimkosesha usingizi mke wake, alisema, na kwa kuwa angeweza kujitetea akachagua kununa, acha anywe chai chungu mpaka Jumapili. Binti Fundi alisema si haki, Mzee hana kosa. Mama akajibu kwamba analijua hilo, na kwamba katika ndoa mtu hulipa hata deni la bure ili litakalokuja likute akiba.

Jumapili wakaja. Sindano alivaa koti lililombana, mkewe alibeba kapu la matunda, na watoto wanne walisimama kwa urefu wao kama hatua za ngazi. Familia nzima ilikuwa sebuleni, na Shangazi alikuwa amefika mapema kupita kawaida, kwani harufu ya jambo humfikia popote alipo. Mzee alikuwa kwenye kochi lake. Alimtazama yule mtu mpana mlangoni, asimtambue, mpaka Sindano alipofanya kitu cha zamani: alipovuka kizingiti aliinama akaokota uzi sakafuni, akauweka mfukoni.

"Sindano," Mzee akasema.

"Ndiyo, Baba."

Sindano hakukaa. Alikuwa ameyapanga maneno yake safari nzima, na aliyasema yote amesimama, mbele ya watoto wake, bila kujionea huruma. Alisema wa saba ni yeye. Alisema alichukua jina bila ruhusa kwa kuwa hakuwa na jingine, na amelitumia bila kulichafua, na kama Mzee atasema alirudishe, atalirudisha, ila anaomba watoto wasihesabiwe kosa. Binti Fundi alikuwa amesimama ukutani, mikono imeshikana. Aliona taya la baba yake likicheza. Alijua uso ule. Ndio uso wa Mzee akilikataa kochi la mtu.

Mzee aliinuka polepole, akasimama pembeni ya kochi lake, akalitazama kwa muda. Kisha akamgeukia binti yake.

"Lete bisibisi," akasema. "Lifungue."

Hakuna aliyesogea, kwa sababu hakuna aliyeamini. Ikabidi arudie, safari hii kwa sauti ya karakanani, na Binti Fundi akakimbia kuleta vifaa. Walilipindua kochi katikati ya sebule. Zilitoka nguo tatu, moja chini ya nyingine, kila moja na rangi ya zama zake, zikatoka na vumbi ambalo lilimfanya Shangazi apige chafya mfululizo. Ubao wa nyuma ukaonekana, mweusi kwa uzee. Juu palikuwa na mwandiko mnene wa kujiamini: Kibindo, na msumari. Chini yake mwandiko mwingine, wa mkono usiozoea kalamu, herufi zimepinda: na kijana wake. Na msumari mwingine, mdogo.

"Huyo wa juu simjui," Mzee akasema. "Hakuna anayemjua. Alikuwa fundi tu. Huyo kijana wake ndiye babu yangu."

Akaeleza akiwa amelishika lile kochi, hakumtazama mtu. Babu yake aliokotwa sokoni na fundi mmoja asiyekuwa na mke wala mtoto, akafundishwa kazi, na watu wakawa wanamwita kijana wa Kibindo mpaka neno kijana likadondoka kwa umri, na Kibindo likabaki. Hakukuwa na damu. Babu alimwambia siri hiyo yeye Mzee akiwa mdogo, akamwonyesha ubao, na yeye akaona aibu, akabuni hadithi ya mfalme. Tangu hapo alilikalia kochi.

Mama ndiye aliyeuliza kwanza.

"Na hazina ya mfalme, mume wangu? Ile iliyovuka mto?"

"Misumari," Mzee akasema. "Yule fundi alikuwa anaweka misumari kibindoni wakati wa kazi."

Kaka mtu wa lori alianza kucheka, na nyumba nzima ikafuata. Walicheka mpaka watoto wa Sindano, ambao walikuwa wamefundishwa njia nzima wakae kwa adabu, wakajisahau wakacheka pia. Mzee mwenyewe alikuwa wa mwisho kuanza na wa mwisho kunyamaza. Kisha akatoa penseli sikioni, penseli ambayo yenyewe haijastaafu, akampa Sindano, akamwonyesha nafasi chini ya msumari mdogo. Sindano alipiga magoti akaandika amejikunja, na mwandiko ukatoka umepinda kama ule wa juu yake. Mzee alimwambia mtoto mkubwa ajiandae, kwani mwakani yeye mwenyewe atampeleka dirishani, na karani akiuliza jina la ukoo alitaje kwa sauti wasikie hata walio nje. Halafu akamwita Binti Fundi, akamwambia na wewe andika, maana aliyelibeba jina hili karakanani miaka hii yote ni wewe, na mimi nilikuwa nalia kwamba limekosa mwana wa kiume wa kulishikia nyundo.

Binti Fundi aliandika. Hakuona vizuri alichokiandika, miwani ilikuwa imelowa.

Mdogo wake wa takwimu alikuwa ameanza kupiga hesabu kwa mazoea: saba kwenye vitambulisho, wanne wanaosubiri, kumi na mmoja. Akasema kwa ukuaji huo hakuna jina nchini linalolifikia, na kama wataendelea hivi itabidi wahamishwe kutoka mkiani. Mzee akamwomba aiandike hiyo kwenye ripoti.

Mama alikuwa ameshaingia jikoni. Aliandaa chai, akakichukua kile kikombe kilichokaa kifudifudi siku zote hizo, akakisuuza, akakijaza, akampelekea Sindano kwa mikono miwili. Cha Mzee alikitia sukari, akaongeza kijiko kingine, akakikoroga yeye mwenyewe mbele ya watu wote. Aliporudi kwenye kabati kuwapa wengine, akakuta vikombe vimekwisha. Akavaa kandambili zake akatoka kwenda kuazima kwa jirani, na alipofika mlangoni kwa jirani huyo alikuwa anacheka tayari.